Msimu Ambao Miguu Yangu Ilinyamaza

Jumatatu, 4 Novemba

Mimi Sairusi wa kisiwa cha Beqa, kwa niaba ya ukoo mzima, nasikitika kutangaza kifo cha ghafla cha kandambili yangu ya mguu wa kushoto, kilichotokea leo asubuhi mahali pasipojulikana, baina ya ufukwe na nyumba ya mchungaji. Marehemu alikuwa wa rangi ya buluu, mwenye kamba iliyoungwa kwa waya, na ameacha mjane mmoja mguu wa kulia. Mazishi yatafanyika iwapo mwili utapatikana.

Aliyegundua msiba si mimi. Ni Emori, mtoto wa mjomba wangu, na kwetu binamu wa namna hiyo amepewa na Mungu ruhusa ya kukutukana hadi kaburini.

"Binamu, mbona mguu mmoja umekuja kazini na mwingine umekuja likizo?"

Nikatazama chini. Kweli, mguu wa kushoto ulikuwa mtupu, umejaa matope. Nilikuwa nimeukanyagisha kokoto zote za ufukweni bila habari.

"Nilikuwa nawaza," nikamwambia.

"Kwa kichwa kipi?"

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua. Kandambili haijapatikana. Mjane anaendelea vizuri.

Jumapili, 17 Novemba

Leo limetokea jambo, naliandika kwa unyenyekevu mkubwa, ingawa unyenyekevu wenyewe nimeuazima.

Baada ya ibada nilikuwa naopoa magimbi kwenye tanuri la ardhini, miguu mitupu kama kawaida, mke wangu Makereta amesimama mlangoni pa jiko. Akanusa hewa.

"Sairusi, nani anachoma ngozi ya nguruwe?"

"Leo hatuna nguruwe."

"Basi ni wewe."

Nikainua mguu. Kaa la moto lilikuwa limenasa kwenye ufa wa kisigino, linafuka moshi taratibu kama sigara ya mzee. Nikalibandua kwa kijiti. Maumivu? Hakuna. Hata yale ya kuumwa na mbu.

Makereta alipiga kelele, mimi nikacheka. Sisi ndio wenye mawe. Babu yetu wa kale alimkamata mtu mdogo wa ajabu aliyeishi kwenye chemchemi, akamwachilia, akalipwa uwezo wa kukanyaga mawe ya moto bila kuungua, sisi na uzao wetu. Nimekanyaga mawe tangu ujana, na sijawahi kutoka na lengelenge. Lakini kutoungua hata jikoni, Jumapili, bila sherehe? Hiyo ni zawadi iliyokolea.

Jioni kwenye duara la kava, kinywaji chetu cha mizizi, nikawatangazia. Na nikafanya hivyo kwa makusudi, kwa maana Mjomba Ilaitia, baba yake Emori, ndiye anayetangulia mbele ya mstari wetu kwenye mawe, na goti lake limeanza kumsaliti. Mwezi wa Machi tunafungua ukumbi mpya wa kijiji, na mawe yatawashwa hapa hapa nyumbani, si kwenye hoteli za ng'ambo mbele ya watalii. Lazima amtaje wa kutangulia. Baba yangu alitangulia. Babu yangu alitangulia. Mimi hadi leo natembea wa tatu, nyuma ya Emori, nikitazama visigino vyake vibaya.

"Zawadi imenikolea," nikasema.

"Au ni uzee umekukolea," akasema Emori, akinipa kifuu cha kava.

Mjomba hakucheka. "Ulihisi nini?"

"Sikuhisi kitu, Mjomba."

"Kitu chochote?"

"Hata kidogo!"

Akakunja uso, akaendelea kunywa. Nikajua ananipima.

Jumapili, 24 Novemba

Siafu. Kila nikijilaza, wanapanda vidoleni, wanakuja hadi kwenye nyayo, wanauma mmoja mmoja. Nikiwasha taa, hakuna siafu. Halafu shuka likinigusa, miguu inawaka kama imepakwa pilipili. Nimelala miguu ikiwa nje ya shuka, Makereta anasema nafanana na maiti iliyozidi jeneza.

Nimelaumu kava. Kava inatia ganzi mdomoni, labda hii ya safari hii ilizidi, ikateremka.

Jumatano, 27 Novemba

Nimepumzisha kava. Siafu hawakupewa taarifa.

Jumapili, 8 Desemba

Nilikuwa sitaki kuandika leo.

Asubuhi nimevua kandambili mpya mlangoni, nikaingia ndani, na katikati ya chumba nikahisi nimevaa soksi. Soksi nene, za sufu. Tangu niache kucheza raga sijavaa soksi. Nikainama kuzivua, nikajikuta navuta ngozi yangu mwenyewe.

Kisha nikakumbuka mkeka. Huu mkeka wa sebuleni ndio wa mwisho aliosuka mama. Karibu na mlango mistari imebana, safi, kazi ya mwanamke aliyekuwa akisifiwa hadi visiwa vya jirani. Ukielekea dirishani inaanza kulegea, kwa sababu macho yalikuwa yanamfifia, naye hakutaka kumwambia mtu. Jicho halioni tofauti. Unyayo ndio ulikuwa unaiona. Kila nilipopita pale nilikuwa najua: hapa mama alikuwa hodari, hapa mama alikuwa amechoka, hapa alisuka kwa kupapasa. Miaka yote hii nilikuwa namtembelea hivyo, bila kumwambia mtu, nikienda kuchukua redio.

Leo nimetembea mlangoni hadi dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Mkeka wote ni mmoja. Kama kutembea juu ya maji yaliyolala.

"Unapima nini?" Makereta akauliza.

"Nanyoosha miguu."

Akanitazama kwa muda. Makereta akinyamaza mimi huwa naanza kuwa mwema. Nikaenda kupasua kuni.

Jumatano, 25 Desemba

Nimekula kila kitu. Bwana asifiwe.

Jumatatu, 6 Januari

Nimeanguka bafuni. Nilifumba macho kuosha sabuni usoni, dunia ikaniponyoka. Nimemwambia Makereta ni utelezi. Sakafu ilikuwa kavu.

Jumanne, 14 Januari

Nesi Torika amekuja na boti yake kupima sukari kijijini. Anatoka kwa watani wetu, watu ambao tangu enzi za mababu tumekuwa tukitukanana kwa upendo na kuibiana nguruwe misibani. Kwa hiyo kumtibu mtu wa Beqa ni sikukuu kwake.

"Karibu, mla mawe," akasema. "Vidonge vya sukari nilivyokupa vimekwisha?"

"Bado vipo."

"Nilikupa vya mwezi mmoja. Mwaka juzi."

Nikamwambia huwa navinywa nikivikumbuka. Akasema basi nina bahati, kisukari chenyewe hakinisahau. Akanilaza, akatoa uzi mgumu mfano wa mshipi wa kuvulia, akaniamuru nifumbe macho.

"Nikikugusa mguuni, sema ndiyo."

Mimi si mjinga. Nikasubiri kidogo, nikasema, "Ndiyo."

Kimya.

"Ndiyo," nikasema tena.

"Mtani."

"Naam."

"Sijaanza. Natafuta miwani."

Makereta, aliyekuwa amekaa pembeni, alicheka hadi akajifuta machozi. Kisha Nesi akaanza kweli, na sikusema ndiyo tena. Nilisubiri. Nilisikia jogoo, nikasikia mtu anakuna nazi nyumba ya pili. Nilipofumbua macho, uzi ulikuwa umejipinda juu ya kidole changu gumba, anaubonyeza, na Makereta hakuwa anacheka.

Nesi akakaa kitandani karibu na miguu yangu. Akauliza taratibu, bila utani: Usiku unaumwa na wadudu wasioonekana? Shuka linakuchoma? Unahisi umevaa soksi? Ukifumba macho unayumba? Kandambili zinakutoka bila habari?

"Nani kakuambia?" Nikamtazama Makereta.

"Nusu ya miguu ya kisiwa hiki imeniambia," akasema. "Sukari ikikaa juu miaka mingi, mishipa ya fahamu inanyauka, na ile mirefu ndiyo inayotangulia. Ndiyo maana huanzia vidoleni, kama jani la gimbi linavyokauka kuanzia ncha. Iliyokwisha kufa sitaweza kukufufulia. Iliyobaki tutaigombania."

Akanipa amri: vidonge kila siku. Viatu kila mahali. Kila jioni nyayo zitazamwe. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, kamwe si kwa mguu.

"Na mawe?" nikauliza.

"Hayo ni mambo yenu na mababu zenu, mimi sina kidonge chake. Lakini miguu hii isikanyage kitu ambacho haiwezi kukusimulia."

Njiani kurudi Makereta alinishika mkono, jambo ambalo hatufanyi barabarani. Nikamwomba asimwambie mtu. Akasema, "Hata Mjomba?" Nikasema, hasa Mjomba.

Jumapili, 2 Februari

Mvua haijakoma wiki nzima. Baada ya ibada Mjomba Ilaitia akaniita barazani kwake. Goti lilikuwa limevimba kama nanasi.

"Miguu yako ikoje?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema.

"Imara kama nguzo za kanisa, Mjomba."

"Basi utatangulia wewe. Emori ana haraka, na mawe hayapendi mtu mwenye haraka."

Nilitegemea Emori anichukie. Jioni alikuja na mzizi wa kava, akasema, "Hongera, binamu. Angalau sasa mimi ndiye nitakayetazama visigino vibaya." Miaka yote nimemdhania kijana wa fujo. Ana miaka hamsini sasa, na huenda fujo yote ilikuwa yangu.

Ijumaa, 21 Februari

Tumeingia kwenye mwiko. Wanaume wa mawe tunalala nyumba ya wanaume, mbali na wake zetu, na hatugusi nazi. Magimbi makavu. Samaki wa maji na chumvi. Ninakumbuka samaki wa tui wa mama kama wengine wanavyomkumbuka mchumba wa kwanza.

Mara ya kwanza nililala katika nyumba hii nikiwa na miaka kumi na saba, ubavuni mwa baba. Nilimwuliza mawe yakoje. Akasema: "Yatakusalimia. Na wewe yasalimie." Siku ile niliruka ndani ya shimo la mawe nyuma yake na nikaelewa. Moto ulikuja unyayoni kama mkono mkubwa ulioshika mkono wangu, ukaupima, ukauachia.

Mwaka jana, sasa nikikumbuka vizuri, haukuja mkono wowote. Nilidhani nimezoea.

Jumamosi, 1 Machi

Nimetangulia.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ilitupa nafasi tangu asubuhi. Magogo yaliungua hadi mawe yakawa meupe, vijana wakayavuta magogo kwa kamba za mimea itambaayo ya mwituni, wakiimba, kijiji chote kimejaa mbele ya ukumbi. Mjomba, amekaa kwenye kiti kwa ajili ya goti, akapiga ukelele wa kuturuhusu. Nikaingia.

Sikuhisi kitu. Nilitazama chini kama mtu avukaye mto kwa kuhesabu mawe, nisianguke. Watu waliona utulivu. Wazee wawili walilia, wakasema nimefanana na baba. Nikazunguka, Emori na wengine nyuma yangu, majani mabichi yakatupwa, tukasimama kwenye mvuke, tukaimba, ikaisha.

Kisha Mjomba akatukagua nyayo, kama ilivyo desturi. Alipofika kwangu, mvuke ulikuwa umelegeza majani ya desturi niliyofungwa vifundoni. Akayasukuma kidogo kwa kidole.

Lengelenge. Kubwa, limejaa maji, limetoka kwenye vidole na kupotelea chini ya majani.

Aliyarudisha majani mahali pake, lakini wote walikuwa wameshaona. Kwetu mtu akiungua hakuna anayeuliza jiwe lilikuwaje. Wanauliza: amekula nazi, au amelala na mwanamke?

Alhamisi, 6 Machi

Kuna watu wanajua kunyamaza na kuna wanawake wa bombani.

"Makereta, mwenzetu," walimwambia leo, "ulishindwa kuvumilia hata wiki moja?"

Akawaambia hakunigusa. Wakacheka. Kisha mmoja akasema, polepole, "Kama si wewe, basi nani?" Hapo hakuna aliyecheka.

Amerudi na ndoo tupu. Amekaa juu ya mkeka wa mama, upande wa dirishani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechukua mzizi wa kava nikaenda kwa Mjomba kuomba radhi. Nikapiga magoti mbele ya duara zima na kukiri: nilikula samaki wa tui, kwa siri, kwa tamaa. Emori akasema, "Kwa tumbo hilo, tunaamini." Wakacheka, Mjomba akapokea mzizi, akapiga makofi ya kusamehe. Mambo yamekwisha.

Makereta aliposikia akasema, "Nazi za nyumba hii nazikuna mimi." Basi. Akaenda kulala.

Jumanne, 18 Machi

Mguu wa kushoto unanuka. Siumwi. Hilo ndilo linalonitisha: kitu kinaoza chumbani kwangu na mimi napata habari kwa pua.

Alhamisi, 20 Machi

Nesi Torika amekuja. Akafungua kitambaa nilichofunga, akazungusha mguu kwenye mwanga.

"Wanasema ulikula nazi."

"Wanasema."

"Mtani, mawe huunguza chini. Wewe nyayo zako ni nzima. Umeungua juu, na pembeni, hadi kifundoni, kwa mstari ulionyooka kama ukingo wa soksi." Akanitazama. "Ni mawe gani hayo yanayopanda?"

Akasema tutaondoka na boti yake sasa hivi, mimi nikiwa nimelala, na mguu umeinuliwa. Emori alinibeba mgongoni hadi ufukweni, ndani ya mvua, akinitukana njia nzima kwa uzito wangu. Nilipochungulia uso wake juu ya bega niliona analia.

Jumapili, 30 Machi

Suva, hospitalini. Wamekata kidole kidogo na jirani yake. Mguu umebaki. Daktari anasema siku chache zaidi na tungekuwa tunazungumza juu ya goti. Makereta analala chini, kwenye mkeka alioukunja akaja nao kwenye boti. Ule wa mama.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Nipo nyumbani. Mvua zimeisha, usiku una ubaridi kidogo, na viazi vikuu vimevunwa bila mimi.

Jana jioni nilimwomba Emori anipeleke kwenye duara. Nikasema yote: kandambili, kaa la moto, siafu, uzi wa Nesi, na kwamba sikula nazi wala sikulala na mtu. Nikasema mawe hayakuniunguza. Jioni ya kuamkia siku ya mawe miguu ilikuwa baridi kama samaki, nikaitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto.

Kisha Emori akasema, "Subiri. Mtu wa Beqa. Mtu wa mawe. Kaunguzwa na beseni?"

Nyumba ilitaka kuanguka kwa vicheko. Wajukuu wangu watazikwa na hadithi hii. Lakini Mjomba hakuwa anacheka.

"Nilikuuliza ulihisi nini," akasema. "Novemba. Ukasema hukuhisi kitu, ukajisifu. Mimi nimekanyaga mawe tangu kabla hujazaliwa, na kila hatua nayahisi. Ni moto, mpumbavu wewe! Tulipewa kutoungua. Nani alikuambia tulipewa kutohisi?"

Nikasema, hakuna.

"Ungeniambia, ningekukalisha hapa kando yangu, upige ukelele badala yangu. Sauti yako ni nzuri kuliko yangu." Akanisogezea nafasi kwenye mkeka. "Bado kuna nafasi."

Wanawake wa bombani wamemletea Makereta keki. Ameipokea bila kutabasamu, akaikata vipande vingi, akawapa wote.

Kila jioni ananitazama nyayo kwa kioo chake kidogo. Ananisomea. "Leo ulipita kwenye mikoko, kuna tope jeusi kwenye soli." "Hapa kiatu kinabana." Na mimi nafumba macho, nakumbuka tope la mikoko lilivyokuwa likipanda kati ya vidole nilipokuwa navyo vyote kumi na vyote vikiongea.

Leo alipomaliza akaweka kioo chini. "Miguu ilikuwa baridi tu, Sairusi? Ndiyo sababu?"

Nikamwambia nitamjibu, na nimekaa hapa kwanza niliandike vizuri, kisha nimsomee.

Haikuwa baridi. Kilichotokea ni hiki. Wenzangu walikuwa wamekwenda kupanga mawe. Nilikuwa peke yangu jikoni pa nyumba ya wanaume, jua linazama, na kesho yake nilikuwa nakwenda kusimama mahali pa baba yangu. Nikataka kujua kama kule chini bado kuna mtu. Nikamimina birika, nikatia miguu. Hamna. Nikaongeza. Hamna. Nilikumbuka kiwiko cha Nesi; nilikikumbuka vizuri kabisa, na nikaacha kiwiko mezani, kwa sababu sikuwa nataka kujua habari za maji. Nikamimina birika la mwisho, likichemka. Ndipo, kwa mbali sana, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya ghuba na upepo unamnyima sauti, nikasikia joto. Kama mkono.

Nikasema, kwa sauti, kama mwendawazimu: "Kumbe mpo."

Nikakaa nao hadi maji yakapoa.